Vita Bila Daftari

Nimechoka kuambiwa ninyamaze kwa sababu nchi iko vitani.

Vita gani? Dhidi ya nani? Vimekula shilingi ngapi, na vitaisha lini? Nani amekufa, nani amefilisika, nani amerudi na ngawira? Uliza maswali haya hapa kwetu Ushetu, Kahama, uone watu watakavyokukodolea macho, kama mtu aliyetukana msibani. Utaambiwa mambo ya vita hayahojiwi.

Hayahojiwi, lakini yanalipiwa. Na wanaolipa ni sisi.

Kuanzia Nyamilangano hadi Ulowa, kuanzia Kakola hadi Katoro, watu wamelipia vita ambavyo hawajawahi kusomewa hesabu zake. Wamelipa kwa ajira, wamelipa kwa kodi, na wapo waliolipa kwa watoto waliowazaa. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Onyo hilo tumelishika madukani, tukalisahau pale penye hatari kubwa kuliko zote: pale kiongozi anaposimama jukwaani na kutangaza kwamba tuko vitani.

Halafu akitokea mwanasiasa mmoja akadai daftari, tunamgeukia yeye. Msaliti! Kibaraka! Katumwa! Adui tuliyeambiwa tupigane naye tunamwacha aende zake, tunamshukia mwenzetu aliyeuliza gharama.

Usijifanye hujui ninachosema. Mwaka 2017 ulikuwepo.

Ulikuwepo Machi ile, serikali ilipozuia makinikia, ule mchanga wa madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe nje. Ulikuwepo tarehe 24 Mei, macho kwenye luninga, Profesa Abdulkarim Mruma alipowasilisha ripoti ya makontena 277 yaliyozuiwa Dar es Salaam. Ulikuwepo tarehe 12 Juni, Profesa Nehemiah Osoro alipokuja na matrilioni ambayo kamati yake ilisema tumeyapoteza. Rais John Magufuli akasema nchi iko kwenye vita vya kiuchumi, na Kahama nzima ikasimama. Julai, Mamlaka ya Mapato ikaidai Acacia, kampuni yenye migodi hiyo, dola bilioni 190. Kwa shilingi ni zaidi ya trilioni 420. Vijiweni watu wakaanza kugawana: kila Mtanzania na gari lake la Noah.

Nani hakufurahi? Dhahabu imetoka chini ya miguu yetu miaka na miaka, na sisi tumebaki na vumbi la malori. Hasira ile ilikuwa ya haki. Nasema ilikuwa ya haki, na sirudi nyuma. Mrabaha wa asilimia 4 ulikuwa fedheha. Misamaha ya kodi ilikuwa fedheha. Na waliotia saini mikataba ile walikuwa Watanzania wenye majina yao na vyeo vyao, hawakuwa mizimu.

Lakini hata hasira ya haki inataka hesabu. Na mtu alisimama akaidai.

Tundu Lissu, wakati ule Mbunge wa Singida Mashariki na Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, hakusema makampuni hayatuibii. Alisema wizi umeandikwa ndani ya sheria na mikataba tuliyoisaini wenyewe. Alisema nchi imejifunga kwenye mikataba ya kimataifa ya kulinda wawekezaji, na kwamba tukikurupuka tutaburuzwa kwenye mabaraza ya usuluhishi tukalipe. Alikuwa mwanasheria anayesoma karatasi iliyoko mezani.

Akajibiwa nini? Hakujibiwa. Alitukanwa. Akaitwa wakala wa mabeberu, mtu wa Acacia, adui wa taifa. Na wewe ndugu yangu, ambaye hujawahi kuusoma mkataba hata mmoja, ulitikisa kichwa ukakubali.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Kwa sababu sisi wa ukanda huu, kuliko Watanzania wengine wote, tulipaswa kumjua Lissu ni nani.

Umesahau Bulyanhulu ya 1996? Agosti ya mwaka ule wachimbaji wadogo walifukuzwa kwenye maduara yao ya kuchimbia dhahabu ili kampuni iingie. Yakazuka madai kwamba wapo waliofukiwa humo wakiwa hai. Serikali ikakana. Kampuni ikakana. Nani alizunguka dunia akidai uchunguzi huru? Ni Lissu huyuhuyu, kijana wa sheria wakati huo, pamoja na wenzake wa LEAT, timu ya wanasheria wa mazingira. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yeye, mwanasheria mwenzake Rugemeleza Nshala na Augustine Mrema wa chama cha TLP walifunguliwa mashtaka ya uchochezi kwa sababu ya suala hilohilo la Bulyanhulu.

Soma tena taratibu. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuulaumu mgodi ndiye aliyekuja kuitwa wakala wa mgodi uleule. Na sisi tunaolala kilomita chache kutoka kwenye mgodi huo hatukusema kitu. Hakuna aliyesimama kwenye mkutano wa hadhara hapa Kahama akasema jamani, huyu tunamfahamu, huyu alikuwa na sisi kabla barabara ya lami haijafika.

Kumbukumbu zetu zimeliwa na mchwa, au tumezikabidhi wenyewe?

Tarehe 7 Septemba 2017, mchana kweupe, Lissu akamiminiwa risasi nje ya nyumba yake Dodoma. Risasi 16 zikaingia mwilini. Hadi leo hakuna hata mtu mmoja aliyefikishwa mahakamani. Taifa lenye vyombo vya dola vya kutosha kuhesabu vipande vya dhahabu ndani ya makontena 277 halikumpata aliyefyatua risasi kwenye makazi ya wabunge.

Vyombo vya habari vilikuwa wapi? Vingi vilikuwa mstari wa mbele, vikipiga ngoma ya vita. Kurasa za mbele ziliimba wimbo mmoja. Kila takwimu ya kamati ilichapishwa kwa herufi nene, na maswali ya kuihoji takwimu hiyo yakakosa nafasi hata karibu na matangazo ya vifo. Sisemi wahariri wote walikuwa waoga. Waliojaribu walionyeshwa kilichomtoa kanga manyoya. Tarehe 15 Juni 2017 gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 kwa sababu lilichapisha picha za marais wawili wastaafu, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete, katika habari ya mikataba ya madini. Septemba MwanaHalisi likafungiwa miaka miwili. Likafuata Raia Mwema, siku 90. Oktoba ikawa zamu ya Tanzania Daima, siku 90. Magazeti manne katika miezi mitano. Mwaka uliofuata, 2018, Sheria ya Takwimu ikarekebishwa hata kuipinga hadharani takwimu ya serikali kukawa kosa la jinai, mpaka kelele zilipozidi ndipo ikalegezwa 2019.

Hivi ndivyo daftari linavyochanwa. Kwanza anapigwa anayeuliza. Kisha anafungwa mdomo anayemwandika aliyeuliza. Kisha sheria inakuja kusema namba ni ya serikali peke yake.

Sasa twende kwenye gharama, maana huko ndiko kwenye maumivu, na huko ndiko ambako hakuna aliyetupeleka.

Septemba 2017 Acacia ilitangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu. Zaidi ya watu elfu moja wakawa hatarini kupoteza kazi, hapo hujawahesabu mama lishe, wenye vyumba vya kupangisha Kakola, madereva na mafundi magari, na mkulima wa Ushetu aliyekuwa akipeleka mchele na kuku Kahama mjini kila wiki akakuta wanunuzi wamepungua. Uchimbaji wa chini kwa chini pale Bulyanhulu ulikuja kurejea mwishoni mwa 2020. Miaka mitatu! Mtoto aliyetolewa shule ya kulipia 2017 hakusubiri mpaka 2020 ili aendelee na masomo. Nyumba iliyoishia kwenye lenta imeota nyasi.

Na zile dola bilioni 190? Oktoba 2017 tulitangaziwa makubaliano: Barrick, wenye hisa nyingi za Acacia, wangelipa dola milioni 300. Tulidai bilioni, tukakubali milioni. Katika kila dola elfu moja tulizodai, tulikubali chini ya dola mbili. Tulipata pia hisa za asilimia 16 na kampuni ya ubia ya Twiga, mrabaha ukapanda hadi asilimia 6. Hayo ni mafanikio na lazima yaandikwe. Lakini nani alikuja Kahama kutueleza namba ile ya bilioni 190 ilitoka wapi na ilikwenda wapi? Kama ilikuwa ya kweli, nani alitoa idhini ya kuisamehe? Kama haikuwa ya kweli, nani aliitunga, na kwa nini mtu aliyeitilia shaka aliitwa msaliti?

Gazeti gani lilirudi kuuliza? Kituo gani cha redio kilimwita tena profesa yeyote kikamwekea mezani namba zake na namba za makubaliano?

Bado hatujafika mwisho. Julai 2017, kwa hati ya dharura, Bunge lilipitisha sheria mpya za rasilimali na madini. Wabunge walioomba muda wa kusoma hawakusikilizwa. Ndani ya mabadiliko hayo zikafutwa leseni za kuhodhi maeneo ya madini. Wenye leseni wakafanya kile Lissu alichosema watafanya. Wakatushtaki.

Julai 2023 baraza la usuluhishi la ICSID kule Washington liliamua tuilipe Indiana Resources na wenzake dola milioni 109.5 kwa ajili ya mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka 2024 tukapatana tulipe milioni 90. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, tulikuwa tumekubali kuwalipa Winshear dola milioni 30. Novemba 2024 tukakubali kuwalipa Montero dola milioni 27 kwa ajili ya Wigu Hill, Morogoro.

Jumlisha. Milioni 147. Karibu nusu ya zile milioni 300 tulizozishangilia. Na makampuni hayo matatu hayakuwa hata na mgodi mmoja unaozalisha hapa nchini! Hatukunyang'anywa na beberu mwenye bunduki. Tulizitoa wenyewe, kwa sababu tulikataa kumsikiliza mtu aliyekuwa akitusomea sheria kwa sauti.

Hasira ni hasara. Tunajua kuusema usemi huo kwa watoto wetu. Kwa viongozi wetu hatuthubutu.

Na msinidanganye kwamba yale yalikuwa mambo ya Magufuli peke yake. Kabla yake, 2007, Zitto Kabwe alikuwa mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini. Aliuliza bungeni kwa nini Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alisaini mkataba wa Buzwagi London, hotelini, wakati serikali ilikuwa imesema inapitia upya mikataba ya madini. Swali la kawaida kabisa. Buzwagi iko wapi? Iko Kahama, mlangoni mwetu. Agosti ya mwaka ule Bunge likamsimamisha Zitto, kwamba kasema uongo. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuchunguza mambo yaleyale, na 2010 ikaja sheria mpya ya madini. Buzwagi ilianza kuzalisha 2009 na 2021 ikafunga. Mgodi umekuja na kuondoka. Shimo tunalo, swali la Zitto tunalo. Ni nani aliyemwomba radhi?

Hivyo ndivyo tunavyowatendea. Wanakuwa waongo leo, miaka mitatu baadaye maneno yao yanakuwa sera ya serikali, na majina yao hayatajwi. Aprili 2025 Lissu alikamatwa Mbinga akashtakiwa kwa uhaini. Kutoka uchochezi hadi usaliti hadi uhaini: ndiyo ngazi anayopandishwa mtu asiyekubali kufunga mdomo katika nchi hii.

Sasa nije kwenye vita vya bunduki, maana huko tumelala fofofo zaidi.

Unajua kwamba mwaka huohuo wa makinikia, tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu 14 waliripotiwa kuuawa kwa usiku mmoja kule Semuliki, Kongo Mashariki? Walikuwa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Katibu Mkuu António Guterres alisema lilikuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni. Vijana wetu! Wengi wa umri wa wale wanaotoka huku kwetu kwenda JKT wakitafuta ajira ambayo haina duara wala robota la tumbaku.

Tulilia siku ngapi? Na baada ya kulia, tuliuliza nini?

Nilijivunia brigedi ya Umoja wa Mataifa ilipoundwa kule Kongo 2013, ikiongozwa na Jenerali wetu James Mwakibolwa, ikawatimua waasi wa M23 Novemba ya mwaka ule. Najivunia mpaka leo. Lakini M23 walirudi. Januari 2025 wakaichukua Goma. Desemba 2023 tulikuwa tumepeleka tena askari kule, safari hii chini ya jumuiya ya SADC, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Aprili 2024 Watanzania watatu wakauawa kwa kombora. Januari 2025 wengine wawili wakapoteza maisha, tukapewa taarifa fupi ya jeshi. Machi 2025 SADC ikafuta misheni yote.

Misheni ilikwenda kufanya nini, na ilifanikiwa wapi? Nani aliamua? Iligharimu kiasi gani? Kabla hujaniambia hizo ni siri za jeshi, tazama Afrika Kusini.

Wao walipoteza askari 14 katika mapigano yale ya Januari 2025. Majina yakatangazwa. Nchi ikachafuka. Waziri wa Ulinzi Angie Motshekga akaitwa mbele ya wabunge akabanwa: kwa nini askari walipelekwa bila msaada wa kutosha wa anga? Nani aliyepanga? Julius Malema na chama chake cha EFF wakasema waziwazi askari warudishwe nyumbani, na Rais Cyril Ramaphosa akalazimika kujieleza. Mimi sikubaliani na Malema katika mengi. Anapenda makelele. Lakini siku ile mama aliyempoteza mwanawe alijua kwamba kuna mtu ndani ya jumba la Bunge anayegonga meza kwa niaba yake. Nani alimwita Malema mhaini? Nani alimkamata? Jeshi lao liliporomoka kwa sababu waziri aliulizwa maswali?

Mjadala wa namna ile sisi hatukuusikia kutoka Dodoma. Wabunge wetu wameketi kimya kwa miaka.

Na wewe wa Ushetu usininyooshee kidole kwamba Dodoma ni mbali. Mbunge wako, marehemu Elias Kwandikwa, aliteuliwa Desemba 2020 kuwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, akashika wizara hiyo mpaka alipofariki Agosti 2021. Mungu amrehemu. Wizara yote ya vita ilikuwa mikononi mwa mtu uliyempigia kura, mtu ambaye ungeweza kumkuta kwenye msiba wa jirani. Ulimuuliza nini kuhusu Kongo? Ulimwomba barabara. Ulimwomba umeme. Ulimwomba bei ya tumbaku. Haya yote ni haki yako. Lakini kuhusu vijana waliorudi ndani ya masanduku, hata neno moja?

Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Wanaotutawala wanaujua usemi huo kwa moyo. Ndiyo maana wanatembea kwa kunyata.

Wazee watanikumbusha vita vya Kagera. Watasema mwaka 1978 hatukuuliza maswali, tulipigana, tukashinda. Kweli, vile vilikuwa vita vya haki. Idi Amin aliingia kwa mabavu, akaua raia na kupora. Mwalimu Nyerere alitueleza sababu, na nchi ikamwelewa. Sitaki mtu yeyote acheze na kumbukumbu za waliokufa kule.

Lakini tuseme na yaliyofuata. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18. Miezi ikawa miaka. Dukani hapakuwa na sabuni, chumvi wala dawa ya meno. Silaha zilizosambaa baada ya vita zikaingia mikononi mwa majambazi, ng'ombe wakaibwa kwa bunduki, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa mpakani mwa Kahama na Nzega wakaamua kujilinda wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Ndio sungusungu. Wameanzia hapa hapa kwetu, halafu serikali ikawasifu. Nani alikuwa amewaambia watu wa huku kwamba bei ya vita vya Kagera italipwa mpaka kwenye mazizi ya Unyamwezi na Usukuma? Redio ilikuwa moja, chama kilikuwa kimoja. Palipokosekana mtu wa kuuliza, deni lilikuja usiku, bila hodi.

Fikiria mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika. Robota likipungua kilo mbili kwenye mizani, mkulima anasimama, anamnyooshea kidole katibu, anataka kitabu kifunguliwe palepale. Watu wanazomea, wanagonga mabenchi, mpaka kitabu kifunguliwe. Hakuna anayemwambia mkulima yule kwamba anahujumu zao la tumbaku. Hakuna anayesema katumwa na wanunuzi wa nje. Kwa kilo mbili za tumbaku tuna ujasiri wa simba. Kwa dola bilioni 190 tunakuwa mabubu.

Na sheria iko upande wetu! Ibara ya 44 ya Katiba inasema Rais akitangaza hali ya vita, nakala ya tangazo inapelekwa kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge linaitishwa kuyatafakari mambo na kuamua kama litaunga mkono. Walioiandika Katiba walijua kwamba hata siku mizinga inalia, wawakilishi wa wananchi lazima waketi na kubishana. Kubishana wakati wa vita si uhaini. Kumewekwa kwenye Katiba. Iweje basi vita vya makinikia, visivyo na mzinga hata mmoja, vifanye kubishana kuwa dhambi?

Mnaosema kuuliza kunampa adui nguvu, nitajieni adui aliyepata nguvu. Swali la Lissu lilimpa nani nguvu? Waliopata nguvu ni mawakili wa Washington, waliokula ada kwa kesi ambazo tungeziepuka. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru.

Wahariri, na ninyi sikilizeni. Mnapoandika habari ya mwanasiasa anayepinga vita, mnaandika tabia yake. Kavaa nini, kamtukana nani, chama chake kina mgogoro gani. Hoja yake mnaitupa. Fanyeni hesabu! Chukueni namba ya serikali, chukueni namba yake, ziwekeni ukurasa mmoja. Kama anadanganya, mwanikeni. Kama anasema kweli, msiogope kuandika kwamba anasema kweli, na mkiwa mlimwita mwongo jana, rudini mkaandike hivyo kwa herufi zilezile nene. Nyie ndio mliopaswa kulishika daftari. Mmeshika vijiti vya ngoma.

Na wabunge wa ukanda huu, wa Ushetu, Msalala, Kahama Mjini, Geita, wote: mnapitisha bajeti ya ulinzi kila mwaka kwa makofi. Ni nani kati yenu aliyewahi kusimama akataka kujua kila safari ya majeshi yetu nje ya mipaka imeondoka na fedha kiasi gani, imerudi na majeruhi wangapi, na familia za waliokufa zinalipwa nini na kwa muda gani? Hatutaki kujua mizinga imefichwa wapi. Tunataka kujua mjane analishwa na nani.

Na wewe mwananchi, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wewe huendi. Unamwacha mtendaji asome karatasi mbele ya mabenchi matupu na wazee wachache. Mkutano unaofuata, nenda. Na mbunge akija kwenye ziara yake, usimpokee kwa ngoma kabla hujamuuliza. Zile dola milioni 147 tulizokubali kuwalipa wenye leseni zilikatwa kwenye fungu gani? Dai la bilioni 190 lilifutwa na nani, kwa barua ya tarehe gani? Vijana wa wilaya hii waliokwenda Kongo tangu 2013 ni wangapi, na wangapi hawakurudi? Upelelezi wa risasi za Dodoma umefikia wapi?

Akikujibu kwamba maswali hayo si ya mkulima wa Ushetu, mwambie jibu hilo aliandike kwenye karatasi, alitie saini, na mtendaji aligonge muhuri wa kijiji mbele ya mkutano.